Mwanafunzi Pekee wa Mwinuko

Nchi yetu ina jina, lakini sheria inataka anayelitaja asimame wima na kuvua kofia, na mimi naandika nikiwa nimekaa. Mtaniwia radhi basi nikiiita nchi yetu tu. Ni nchi nzuri. Ina mlima mmoja, juu ya mlima kuna Chuo Kikuu cha Mwinuko, chuo kina timu ya mpira iitwayo Wasomi, na Wasomi ndio mapenzi yetu sote.

Nikisema sote sitii chumvi. Muuza mkaa ni wa Mwinuko. Mkunga ni wa Mwinuko. Mtaani kwetu yupo kinyozi asiyeweza kusoma hata kibao cha banda lake mwenyewe, lakini mguse kuhusu ile fainali tuliyofungwa kwa penalti uone. "Sisi wasomi tulionewa," atakuambia, na wembe utaanza kumtetemeka mkononi. Skafu zetu za zambarau na nyeupe tunazivaa jua la utosi, na tukifa tunazikwa nazo. Ama watu waliowahi kukaa darasani Mwinuko, hapa Mtaa wa Pamba hakuwahi kutokea hata mmoja, wala hatukuona kuwa ni upungufu.

Wageni hushangaa. Huuliza inakuwaje mtu akipende chuo ambacho hakukisoma, wala baba yake hakukisoma, wala paka wake. Swali hilo lilikwisha kujibiwa na Waziri wa Elimu, Michezo na Shangwe, siku alipozindua jukwaa jipya la uwanja. "Ndugu wananchi," alisema, "elimu ya juu ni haki ya kila mmoja wetu. Wachache wataipata kwa kusoma. Wengi wataipata kwa kushangilia. Serikali hii haimbagui mtu kwa sababu ya njia aliyopitia!" Tulipiga makofi mpaka viganja vikawaka moto.

Lakini mwenyekiti wa tawi letu la mashabiki, Bwana Ngwali, alikuwa na jibu lake mwenyewe, na alinipa mimi kwa kuwa ni katibu wake. Bwana Ngwali ni fundi magodoro. Alipokuwa kijana anajifunza kazi, alipanda na bosi wake hadi Mwinuko kupeleka magodoro ya mabweni. Getini mlinzi akasema, "Magodoro yaingie. Wewe ngoja hapo." Akangoja juani mpaka mkokoteni ukarudi mtupu. Jumamosi iliyofuata akaenda kutazama mpira, na kwenye mlango wa uwanja mlinzi mwenye sare ileile akampiga begani akamwambia, "Karibu, msomi!"

"Hakuna aliyewahi kuniita hivyo," aliniambia. "Hata baba yangu, Mungu amrehemu. Katibu, mtu akikuita msomi ukiwa na umri ule, utamfuata popote."

Hilo ndilo jibu, na sidhani kama lipo jingine.

*

Sasa, Bwana Ngwali na mkewe, Bi Raya, walikuwa na binti mmoja, Zamda. Alikuwa mtoto mkimya, mwenye tabia ya kuuliza swali kisha akangoja jibu kweli, jambo linalowachosha watu wazima. Mama yake alifuga mbuzi wa maziwa nyuma ya nyumba, akiwapeleka kunywa maji kwenye kinamasi cha chini ya mtaa. Masika moja mbuzi wale wakaanza kuvimba chini ya taya, wakakonda, wakafa mmoja baada ya mwingine. Bwana Mifugo wa wilaya alikuja, akawatazama kwa mbali, akasema ni mapenzi ya Mungu, akaomba supu.

Zamda hakuridhika. Mbuzi wa mwisho alipokufa, alichukua kisu cha jikoni akampasua. Ndani ya ini akakuta vidudu bapa, vimelala kama majani madogo. Akavitia kwenye gilasi ya maji, akavipeleka kwa kila mtu aliyemdhania kuwa na elimu. Hakuna aliyevijua. Tangu siku hiyo akasema atasomea udaktari wa mifugo, akasoma kama mtu anayekimbizwa.

Majina ya waliochaguliwa kuingia vyuoni husomwa redioni. Siku jina la Zamda liliposomwa, likafuatiwa na neno "Mwinuko", Bwana Ngwali aliangusha sindano yake ya magodoro na kukimbilia barabarani miguu mitupu. Tawi zima likakusanyika. Tarumbeta likalia. Wanawake wakapiga vigelegele. Kinyozi akamshika Zamda mkono akamtikisa mpaka bega.

"Hongera, mwanangu! Utacheza namba ngapi?"

"Sichezi, Baba. Naenda kusoma."

"Kusoma?" Kinyozi alitugeukia kutafuta msaada. "Kusoma Mwinuko?"

Tulicheka. Si kwa ubaya, ila kwa mara ya kwanza mambo hayo mawili yalikuwa yametajwa pamoja. Hata Bwana Ngwali alicheka kidogo, kisha akajizuia.

*

Tukaamua kumpeleka Jumamosi, kwa kuwa siku hiyohiyo Wasomi walikuwa na mechi dhidi ya Chuo cha Kilimo cha Bondeni. Bondeni ni chuo kidogo chenye majengo ya matofali mabichi na timu inayofungwa kila mwaka. Hatujawahi kukutana na mtu anayeipenda. Tulipanda lori la tawi, ngoma mbele, sanduku la Zamda nyuma. Bi Raya alimfunga binti yake kanga kiunoni akamwambia, "Nenda kajue kilichoua mbuzi wangu." Hakupanda lorini. Yeye mpira haumhusu.

Getini Mwinuko mlinzi alitupigia saluti. "Karibuni, wanachuo! Mnaenda uwanjani, dukani au kwenye jumba la makombe?"

"Tumeleta mwanafunzi," alisema Bwana Ngwali, na kifua kikamjaa.

Mlinzi alimtazama Zamda, akatazama sanduku, akajikuna shingo. "Mwanafunzi wa nini, mzee?"

"Wa chuo."

"Ngojeni nimwite Msajili," alisema, akaondoka mbio, kama mtu aliyeambiwa kuna nyoka ndani ya nyumba.

Msajili, Bwana Elieza Sombi, alitupokea ofisini sisi watatu: baba, binti, na mimi katibu. Wengine walibaki nje wakiimba. Msajili alikuwa mtu mpole mwenye suti ya zambarau. Zamda alimwamkia shikamoo. Yeye badala ya kuitikia alifumba macho, akakunja mikono kifuani na kusema, "Mungu ni mwema. Leo leo!"

Akatueleza. Zamani, alisema, Chuo kilikuwa na madarasa, na hakuna anayekana. Lakini maktaba ilihitajika kwa mazoezi ya viungo, maabara ikawa chumba cha barafu cha wachezaji, na walimu waliobaki walipewa kazi yenye heshima zaidi ya kuchambua mechi redioni. Wachezaji nao ni waajiriwa, watu wazima wenye familia. "Ila kuna kanuni moja ya Shirikisho la Mpira," alisema kwa huzuni, "kanuni ya kikoloni, inayosema timu ya chuo lazima itoke kwenye chuo chenye mwanafunzi. Haisemi wangapi. Tulikuwa naye mmoja, Bwana Zakayo, mtu mwaminifu sana. Amestaafu. Na mkaguzi wa Shirikisho anakuja leo."

Bwana Ngwali alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kiti, skafu shingoni. "Mheshimiwa," alisema polepole, "mnasema hapa hakufundishwi?"

"Mwenyekiti, kwa nini unaniuliza kama polisi?" Msajili alicheka kwa upole. "Sisi tuliwasikiliza nyinyi. Kila Jumamosi uwanja unajaa. Watu wanatuuliza kocha ni nani, beki wa kulia amepona goti, jezi mpya zinatoka lini. Katika miaka yangu yote hajatokea mtu wa kuniuliza hali ya maabara. Na ule mgomo je? Si ndipo mlipotuonyesha njia?"

Akanyoosha kidole ukutani.

Ilikuwa picha kubwa yenye fremu ya dhahabu. Naukumbuka mgomo ule. Wanafunzi walikuwa hawana maji wala vitabu, wakateremka mlimani kuja kutuomba sisi wananchi tuwasemee. Kwa bahati mbaya walikuja wiki ya fainali, na ilivumishwa kwamba mechi ingeahirishwa kwa ajili yao. Kila mwanafunzi alipofungua kinywa kusema, sisi tulipiga ngoma. Walijaribu tangu asubuhi mpaka alasiri, kisha wakarudi mlimani. Katika picha hiyo Bwana Ngwali yuko mbele kabisa, kinywa wazi, mshipa wa shingo umesimama. Mbele yake yuko msichana mwanafunzi aliyeinamisha uso. Na mabegani kwa Bwana Ngwali ameketi mtoto mdogo mwenye kofia ya zambarau, anapiga makofi.

Chini yake pameandikwa: WANANCHI WAKIKITETEA CHUO DHIDI YA WANAFUNZI WAKE.

"Chuo hakitasahau msaada wako," alisema Msajili, na alisema kwa moyo safi.

Zamda aliisogelea picha. Akauliza bila kugeuka, "Huyu mtoto ni mimi?"

Baba yake alianza kuifungua skafu shingoni, akakumbuka alipo, akaifunga tena.

*

Msajili alitoa masharti yake, nayo yalikuwa mazuri. Zamda angepewa chumba na chakula. Kazi yake ingekuwa kukaa jukwaa kuu kila Jumamosi akiwa amevaa joho, kitabu mapajani. Baada ya misimu michache angepewa shahada.

"Shahada ya nini?" aliuliza Zamda.

"Uitakayo, binti yangu. Udaktari, uhandisi, sheria. Tofauti ni rangi ya kola."

"Nataka ya mifugo."

"Ya kijani," alisema Msajili. "Inapendeza sana."

Zamda akamgeukia baba yake. "Baba, twende nyumbani."

Kutoka nje ziliingia sauti za tawi letu. Walikuwa wametunga wimbo tayari, na jina la Zamda lilikuwa ndani yake. Mlango ulitikisika kwa ngoma. Bwana Ngwali aliyatazama makombe yaliyopangwa kabatini, akanitazama mimi, akatazama sakafu.

"Kaa, mwanangu," alisema.

"Nikae nisome nini?"

"Kaa kidogo tu. Wale watu wako nje." Sauti yake ilikuwa ndogo, kama ya mtu anayeomba maji kwa jirani aliyegombana naye. "Nitawaambia nini, Zamda? Niwaambie nini?"

Nimehudhuria vikao vingi na kuandika maneno mengi ya aibu yaliyosemwa na watu wakubwa. Hilo sikuliandika kwenye daftari la tawi. Zamda alimtazama baba yake kwa macho ambayo ningeomba yasinitazame mimi, kisha akanyoosha mikono ili avishwe joho. Lilikuwa la Bwana Zakayo, na lilimfika chini ya visigino.

*

Mechi ilianza jua likiwa bado kali. Zamda aliketishwa jukwaa kuu, kwenye kiti chenye maandishi MWANAFUNZI. Mimi na Bwana Ngwali tulipewa nafasi ya heshima mstari wa chini yake. Mtangazaji aliposema, "Na sasa, ndugu wanachuo, mwanafunzi wenu!" uwanja mzima ulisimama. "Msomi! Msomi! Msomi!" Wazee walilia. Bwana Ngwali alipunga mkono kwa watu, lakini nyuma hakugeuka.

Mkaguzi wa Shirikisho alipita akiwa na kalamu. "Wewe ni mwanafunzi?" akamwuliza.

Zamda alifikiri. "Natamani kuwa," alisema.

"Yupo," akaandika mkaguzi, akaenda kunywa soda.

Kitabu alichopewa kilikuwa na jalada la ngozi, na ndani yake mlikuwa na picha za wafungaji bora. Zamda alikifunga. Wasomi walikuwa wanacheza vizuri ajabu. Bao la kwanza, la pili, la tatu. Mbele yetu, kwenye benchi la wageni, wachezaji wa akiba wa Bondeni walikuwa wameupa mchezo mgongo. Nilidhani wanasali. Kumbe wanaulizana maswali.

"Minyoo ya maini humpataje mbuzi?" aliuliza mmoja.

"Kwa majani ya kinamasini. Kuna konokono wanaoibeba."

"Dalili?"

"Anavimba chini ya taya. Anakonda. Ukimpasua unaikuta ndani ya ini, bapa, kama jani."

"Umepata. Jumatatu tutafaulu, hata tukifungwa kumi."

Nilisikia kiti nyuma yetu kikigongana na ukuta. Zamda alikuwa amesimama. Filimbi ya mapumziko ililia, naye akashuka ngazi akiwa ameshikilia pindo la joho lisimwangushe, akawafikia wale vijana.

"Samahani, kaka. Hayo mnayosema, kwenu mnafundishwa?"

"Yapi?"

"Ya mbuzi."

Yule kijana alimtazama kama mtu aliyeulizwa kama kwao kuna mvua. "Ndiyo, dada. Tungefundishwa nini kingine?"

Kocha wao alikuwa mama mmoja mnene mwenye miwani, mwalimu wa magonjwa ya mifugo, aliyepewa ukocha kwa kuwa hakuna mwingine aliyekubali. Alimwuliza Zamda matokeo yake ya mtihani. Zamda akamwambia. Yule mama akavua miwani, akaifuta.

"Nafasi tunayo," alisema. "Maji pia tunayo, siku nyingine. Lakini timu yetu, binti yangu, nakuonya mapema, haina raha yoyote."

Zamda alivua joho. Alilikunja vizuri, akaliweka kwenye nyasi pamoja na kile kitabu, akakaa kwenye benchi la Bondeni na kanga ya mama yake kiunoni.

Kwanza uwanja haukuelewa. Kisha mtangazaji akasaidia. "Ndugu wanachuo! Mwanafunzi wenu amehamia kwa adui!"

Sijawahi kusikia sauti kama ile. Watu maelfu kwa maelfu ambao hawakuwahi kufungua daftari la Mwinuko walinyanyuka kwa uchungu wa elimu. "Msaliti! Msaliti! Msaliti!" Chupa za maji ziliruka. Kinyozi wetu alipanda juu ya kiti akilia kwa hasira. Halafu polepole, kama upepo unavyogeuka, nyuso za tawi zikamgeukia mwenyekiti wao.

Bwana Ngwali alisimama.

Zamda alikuwa hatua chache tu kutoka kwetu. Alikuwa amegeuza shingo anamtazama baba yake, hakuna mwingine. Hakuwa amekasirika. Alikuwa anangoja jibu.

"Msaliti," alisema Bwana Ngwali.

Alisema kwa sauti ya chini. Mtu wa nyuma akapiga kelele, "Hatusikii, mwenyekiti!" Naye akafungua kinywa, mshipa wa shingo ukasimama, akalitamka mara ya pili kwa nguvu zake zote.

Zamda aliinamisha uso. Yule kijana wa akiba alisogea akamkinga dhidi ya chupa. Kipindi cha pili kikaanza, Wasomi wakaongeza mawili.

*

Njiani kurudi redio ya lori ilikuwa wazi. Waziri wa Elimu, Michezo na Shangwe alilipongeza taifa kwa mabao matano safi. Aligusia pia kwamba mwanafunzi pekee wa Mwinuko ametoroka kwa kushawishiwa na maadui wa elimu, na akawaomba wazazi wote wenye watoto wenye akili wajitokeze. "Tunahitaji mmoja tu," alisema. "Taifa letu halikosi mmoja."

Tuliimba. Ilitubidi tuimbe. Bwana Ngwali alikaa kwenye kona ya lori, akiwa ameshika ngoma mapajani bila kuipiga. Kila mara mtu alipompongeza kwa msimamo wake aliitikia, "Asante, asante."

Tulifika Mtaa wa Pamba wakati wa magharibi, tukamsindikiza mpaka kwake, kama ilivyo desturi baada ya ushindi, tukingoja kukaribishwa chai. Bi Raya alikuwa uani anapepeta mchele. Alinyanyua uso.

"Mmemwacha salama?"

"Tumeshinda," alisema Bwana Ngwali.

"Baba Zamda, nauliza mtoto."

"Tano bila, Mama Zamda. Tano bila."

Bi Raya aliutua ungo chini. Alimtazama mumewe, akatutazama sisi tuliosimama mlangoni na bendera zetu, uso kwa uso, mmoja mmoja, mpaka akatumaliza.

"Mmemshinda nani?" aliuliza.

Bwana Ngwali alifungua kinywa. Tuliona ulimi wake ukitafuta neno. Kinywa kikabaki wazi, na mikono yake ikaanza kuipapasa skafu shingoni kama mtu anayekabwa.

Mpiga tarumbeta ndiye aliyeondoka kwanza, ala yake ameificha chini ya shati. Kisha kinyozi. Kisha wengine, bila kuagana, kila mmoja akitazama chini kana kwamba ameangusha kitu njiani. Mimi katibu nilichelewa kidogo kwa sababu ya kukunja bendera. Nilipokuwa naifikia kona nilimsikia Bi Raya, kwa sauti ya chini, akirudia swali lake.